Nyumba za Kamalondo

Mgeni akifika Lubumbashi huonyeshwa kwanza lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, na kando yake ule mlima mweusi wa mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa. Halafu huonyeshwa kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, na njia za katikati ya mji zenye mijakaranda. Yote hayo ni mema kuyatazama. Lakini ni nani amshikaye mgeni mkono na kumwambia, "Twende Kamalondo tukatazame nyumba"? Watu hudhani nyumba zetu hazina la kutazama. Sisi tuliokulia humo twasema lipo, tena si dogo.

Kamalondo ni komine ndogo. Katika komine saba za mji wetu ndiyo ndogo kupita zote. Mtu mwenye afya huivuka kwa miguu kabla chungu cha maharagwe hakijaiva. Lakini kwa umri ndiyo kaka wa mitaa ya watu weusi. Kenya, Katuba na Ruashi walizaliwa nyuma yake.

Mji ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Wabelgiji wakauita Élisabethville, kwa jina la malkia wao. Watu weusi waliokuja kutafuta kazi walikaa kwanza karibu na nyumba za Wazungu. Serikali ya ukoloni haikupenda ujirani huo. Ikasema ni kwa ajili ya magonjwa, lakini kila mtu aliona kwamba ni kwa ajili ya rangi pia. Basi mwaka 1921 mtaa mpya ukapimwa upande wa kusini, watu wakahamishiwa huko. Katikati ya pande hizi mbili kukaachwa uwanja mpana, wakauita zone neutre. Mtaa mpya ukapewa jina la mfalme Albert. Baada ya uhuru jina hilo likaachwa, tukawa Kamalondo. Na mwaka 1966 mji mzima ukawa Lubumbashi.

Tusidanganyane, basi: Kamalondo haikuanzishwa kwa upendo. Ilipimwa kwa kamba ili watu wawekwe mbali. Njia zake zimenyooka kama mistari ya daftari, maana njia iliyonyooka ni rahisi kwa askari kuichunga. Lakini kupima kiwanja ni jambo moja, na kukifanya maskani ni jambo lingine. La kwanza lilifanywa na serikali. La pili lilifanywa na wazee wetu kwa mikono yao.

Zamani hizo mfanyakazi mweusi wa mjini alikaa mojawapo ya mahali patatu. Wa kwanza ni yule wa kambi ya Union Minière. Kampuni ilimpa nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni, na siku kazi ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha. Wa pili ni mtumishi wa nyumbani, aliyelala katika kijumba nyuma ya bustani ya bwana wake. Hao ndio waliotoa mwaka 1965, kwa mkono wa André Yav, kitabu cha Kiswahili cha historia ya mji huu, ambacho wataalamu wa nchi nyingi wamekisoma. Wa tatu ni mtu wa cité: fundi cherehani, seremala, karani, mwashi, mchuuzi. Huyu hakuwa na mengi, lakini alikuwa na kiwanja kilichoandikwa kwa jina lake katika kitabu kidogo kilichoitwa livret de logeur. Kiwanja hicho sisi twakiita lupango. Mtu wa cité alisema, "Lupango yangu," na neno hilo lilimnyoosha mgongo.

Sasa tuzitazame nyumba zenyewe. Ni za tofali nyekundu, na tofali hizo asili yake ni vichuguu. Nchi yetu ya Katanga ina vichuguu vikubwa kupita urefu wa mtu mara mbili na mara tatu, na mchwa wameusaga udongo wake ukawa laini, wenye kushikana. Wazee walikivunja kichuguu kwa shoka na jembe, wakalowesha udongo, wakaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa kama unga wa bukari uliopikwa vema. Wakaujaza katika kiunzi cha mbao, wakaanika tofali wakati wa kiangazi, mvua ikiwa mbali. Halafu wakazipanga kuwa tanuru kubwa, yenye midomo ya moto chini, wakaipaka udongo nje, wakachochea kuni usiku na mchana. Tofali iliyoiva vizuri ukiigonga hulia kama kengele. Iliyochomwa kwa haraka hulia kama mtungi uliopasuka. Mpaka leo matanuru ya namna hiyo yanafuka moshi kandokando ya mji wetu, na mafundi wanazijaribu tofali kwa kuzigonga vilevile.

Nyumba ya kawaida ya Kamalondo ina vyumba vichache mbele, paa la mabati, na madirisha madogo yenye mbao. Nyuma kuna ua. Katika ua kuna jiko, choo, kamba ya kuanikia nguo, na mara nyingi mwembe au mparachichi. Kwa muda mrefu mwenye lupango alipopata fedha kidogo aliongeza vyumba kando ya ua, akapangisha. Kwa hiyo lupango moja yaweza kuwa na jamaa nne, tano na zaidi, na mbabula za makala zikiwashwa jioni zinakuwa kama taa za gwaride.

Mbele ya nyumba kuna baraza. Yafaa tulisimamie neno hili kidogo, maana limetembea safari ndefu. Watu wa pwani ya mashariki huita baraza lile benchi la mawe mbele ya nyumba, pa kukaa na kuzungumza. Huita vilevile mkutano wa wazee. Neno likaja na Kiswahili mpaka kwetu. Wazungu wa Kongo wakaliokota, wakaliingiza katika Kifaransa chao, wakasema "la barza". Lakini kwao ilikuwa mahali pa kuketi mwenye nyumba na wageni aliowaalika. Kwetu baraza haina mwaliko. Apitaye husalimu, asalimuye huulizwa habari za nyumbani, na aulizwaye akiwa na neno zito moyoni, huvutiwa kiti.

Hapo ndipo tulipofundishwa kuishi na watu. Katika lupango yetu walikaa Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga, Wabemba, Walunda, Wasanga, na mzee mmoja ambaye baba yake aliletwa kutoka Rwanda zamani za kuajiri watu wa migodi. Kila jamaa ilisema lugha yake ndani ya chumba. Uani ilisemwa Kiswahili. Mtoto akikosa, mama yeyote aliyekuwapo alimwonya, na mama mzazi alisema asante. Bukari ikiiva katika chumba kimoja, watoto wa chumba cha pili walinawa mikono. Hatusemi kwamba hapakuwa na magomvi. Yalikuwapo, juu ya maji ya bomba, juu ya kamba ya nguo, juu ya mlevi arudiye usiku akiimba. Lakini magomvi ya mchana yalipaswa kwisha kabla ya usiku, maana mlango wako unaangaliana na mlango wa mwenzako, nawe utamwona tena alfajiri akiwasha makala.

Kukiwa na kilio, ndipo Kamalondo huonekana ilivyo. Viti hutolewa katika nyumba zote za njia hiyo, hata za watu wasiosalimiana. Wanaume hulala nje kando ya moto. Wanawake hupika katika masufuria yaliyokusanywa nyumba kwa nyumba, kila moja na alama ya mwenyewe chini yake. Na siku ya furaha vivyo hivyo. Timu yetu ya Mazembe, iliyoanzishwa na mapadri Wabenediktini mwaka 1939, imekuwa bingwa wa Afrika mara tano: mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Uwanja wake umo humu Kamalondo tangu mwaka 2011. Siku ya mchezo hakuna baraza tupu, na asiye na redio husikia bao kwa sauti ya jirani.

Lakini nyumba hupimwa siku ya taabu. Mwaka 1960 nchi ilipopata uhuru, Katanga ikajitenga, na kujitenga huko kukadumu mpaka Januari 1963. Katika siku hizo watu waliangaliwa kwa kabila. Mwaka 1961 maelfu na maelfu ya Waluba walizikimbia nyumba zao, wakaenda kukaa katika kambi chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, pembeni mwa mji. Wazee wetu walitusimulia kwamba jirani mmoja aliondoka usiku na watoto wake, akaacha ufunguo kwa mama yetu mkubwa. Mama mkubwa hakuwa wa kabila lake. Aliutia ufunguo katika debe la unga, akasema hajui mwenye nyumba alikokwenda. Watu walikuja mara mbili kuuliza. Mara zote mbili walikuta anapepeta unga. Jirani aliporudi alikuta mlango umefungwa, na cherehani yake ipo. Sisi tulilelewa na habari hiyo kama wengine wanavyolelewa na hadithi za sungura. Kila ilipotuingia tamaa ya kumsema mtu kwa kabila lake, tuliulizwa, "Je, wewe ungalimwekea ufunguo?"

Ndugu wasomaji, nyumba zilizostahimili siku hizo, leo zinaanguka katika siku za amani. Hazianguki kwa mvua, ingawa mvua zetu kutoka mwezi wa 11 mpaka wa 3 ni kali. Zinaanguka kwa ugomvi wa warithi. Mzee hufa. Watoto wako Likasi, Kolwezi, Kinshasa, wengine ng'ambo. Kila mmoja anahesabu fedha ya sehemu yake. Mnunuzi anangoja njiani, maana Kamalondo iko karibu na mji na kiwanja chake kina bei. Lupango inauzwa. Katika juma chache paa limeshushwa, tofali za vichuguu zimepakiwa kwenye lori, mwembe umekatwa. Panainuka ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake, na nyuma yake ghala la bia. Ukuta hauna baraza. Hapo asalimuye hasalimiwi.

Tumeona jambo hilo mbele ya mlango wetu. Nyumba inayoangaliana nasi ilikuwa ya watoto saba. Waliuza baada ya kupelekana mbele ya hakimu miaka mingi, na fedha ilipogawanywa, nusu yake ilikuwa imekwisha kuliwa na safari na karatasi za kesi. Leo hao saba hawasalimiani. Hawana nyumba ya kukutania hata kwa kilio.

Katika nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mama mjane. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Siku arobaini baada ya mazishi ndugu za mume walifika pamoja na mtu wa kununua. Mama aliwafungulia, akawapa munkoyo wanywe, akawasikiliza. Halafu akaleta sanduku la bati lenye karatasi. Ndani yake mlikuwa na livret de logeur ya baba mkwe, ya zamani za Wabelgiji, na risiti za kodi zilizofungwa kwa uzi. Ndizo karatasi zote.

Hapa twataka kusema wazi mambo mawili ambayo wengi hawayajui, na kwa kutoyajua hufukuzwa nyumbani.

La kwanza ni juu ya ardhi. Sheria ya mwaka 1973 yasema kwamba ardhi yote ni mali ya taifa. Mkongo aweza kupewa haki ya kudumu juu ya kiwanja, lakini haki hiyo hushuhudiwa na cheti kimoja tu, kile kiitwacho certificat d'enregistrement, kinachotolewa na ofisi ya ardhi. Livret ya babu ni kumbukumbu njema, yasaidia kuonyesha ni nani aliyekaa na tangu lini, lakini yenyewe si cheti hicho. Lupango nyingi za zamani bado ziko kwa jina la mtu aliyekufa tangu siku nyingi. Mradi watu wanapendana, hakuna aonaye. Siku mapendo yanapopoa, kila mtu huja na karatasi yake.

La pili ni juu ya urithi. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 imewaweka watoto katika daraja la kwanza la warithi, nayo imewapa robo tatu ya mali, mabinti sawa na wavulana. Mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu na ndugu zake wako katika daraja la pili. Lakini mke aliyebaki amepewa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe na kutumia vyombo vyake. Kwa hiyo ndugu wa mume asemaye, "Mama, funga mizigo, nyumba ni ya ukoo wetu," hasemi maneno ya sheria. Asema maneno ya tamaa, akiyavika nguo za desturi.

Tena desturi yenyewe haikusema hivyo. Wazee wa kale walimwachia mjane ulinzi, si njia tu.

Ikawaje kwa huyo mama? Wazee wa njia yetu waliketi katika baraza yake Jumapili tatu mfululizo, baada ya Misa. Mtoto wake wa kwanza aliitwa kutoka Likasi. Ndugu za mume walisema yao yote, hata ya uchungu, na hakuna aliyewakatiza. Jumapili ya tatu wakakubaliana: nyumba haitauzwa mama akiwa hai. Kodi ya vyumba vya nyuma itagawanywa mara tatu, sehemu moja kwa mama, sehemu moja kwa ada ya shule ya wadogo, sehemu moja kwa matengenezo ya paa. Wakaandika, wakatia sahihi, na mashahidi wawili wakatia yao. Sasa wanafuata karatasi katika ofisi, waende leo, warudi kesho, waambiwe wangoje. Ndugu mmoja bado hajatia sahihi. Kila mara apitapo, mama humwita aketi. Twatumaini siku moja ataketi.

Kuna watakaosema: "Mnalilia tofali kuukuu. Mji lazima ukue." Ni kweli mji hukua. Nasi hatutaki watoto wetu walale katika vyumba vinavyovuja ili wapita njia wapate kusema nyumba zetu ni za kale. Anayeweza kutia dirisha kubwa, atie. Anayeweza kupandisha ghorofa juu ya ukuta wa baba yake, fundi akisema msingi unatosha, apandishe. Nyumba ya Kamalondo imeongezwa chumba baada ya chumba tangu mwanzo, na si dhambi kuongeza. Tunalouliza ni hili tu: baada ya kujenga, je, mbele ya nyumba patabaki mahali pa kumwekea jirani kiti?

Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza kazi njema iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi. Waliwaendea wenyeji, wakakusanya masimulizi yao na vyombo vya nyumbani, vitu ambavyo mwenye navyo hakudhani vyaweza kuwekwa mbele ya watu kama mali ya historia. Wengi walishangaa. Sisi twasema: wamefanya vema. Lakini makumbusho huweza kuhifadhi kiti cha baraza, hayawezi kumketisha mtu juu yake. Hiyo ni kazi ya jamaa.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, shauri letu ni dogo, nalo halina gharama kubwa. Baba mwenye lupango, usingoje ugonjwa. Waite watoto wako, wa kike na wa kiume, wakiwa wazima na wewe mzima. Waonyeshe karatasi, uwaambie ziliko. Kama nyumba bado iko kwa jina la babu, anza safari ya ofisi mwaka huu. Sema mbele yao kwamba mama yao hatatolewa humo. Nanyi watoto mlioko mbali, tumeni fedha ya bati moja kabla ya kuuliza bei ya kiwanja. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi wa Kamalondo tumeona kuta zilizojengwa kwa sababu ya nyufa ambazo hazikuzibwa, na twajua jinsi njia inavyokuwa kimya mbele yake.

Jumapili hii baada ya Misa, kabla hamjatawanyika, tazameni paa la nyumba mliyozaliwa. Halafu ketini barazani, mwulize mzee: "Baba, karatasi ziko wapi?" Mkiuliza kwa heshima, hatakasirika. Labda amengoja miaka mingi mtu amwulize.